Baleti ya Mwamini

Upweke uvundo, na Mwamini wa kijiji cha Mtawanya aliunusa hasa. Mumewe Sadala alipofariki nyumba ilifurika watu. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikasomwa, kisha wote wakapotea. Hata jirani yake Kudra, ambaye walizoea kuombana chumvi, akawa anapita njia tu, "Hujambo shoga," wala hasimami. Jamani, kusimama kunagharimu nini?

Ndipo Mwamini, mtu mzima na wajukuu wake, alipoiona baleti kwenye simu: ngoma ya Kizungu, watu wanasimama kwa ncha za vidole kama wanaochungulia juu ya ua. Mwalimu wa humo alimtazama usoni akatabasamu. Basi, Mwamini akanasa. Kila alasiri alishika mwimo wa mlango wa uani, visigino pamoja, magoti nje, chini, juu. Siku ya kwanza alianguka matakoni, akacheka, akageuka kumtafuta wa kucheka naye. Hakuna mtu.

Sasa Kudra naye, umbea haumpiti, akachungulia kwenye upenyo wa ua wa makuti. Akaona mjane kanyoosha shingo, mikono hewani, macho mbali, anatetemeka juu ya vidole. Kwa watu wa huku hayo si mazoezi.

"Hee! Shoga yangu kapandwa!"

Kesho yake waliingia na ngoma, ubani na fundi Gharibu, mpunga pepo. Mwamini alifungua kinywa aseme hana pepo, anajifunza kucheza. Lakini ua ulikuwa umejaa watu, na Kudra kamshika bega kwa huruma. Akijieleza, watabeba ngoma zao waende zao. Akafunga kinywa.

Ngoma zikalia. Mwamini akainuka kwa ncha za vidole, akanyanyua mikono kama alivyofundishwa, na vigelegele vikapasua ua. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Gharibu akanyamazisha ngoma. Pepo huulizwa haja yake: kitambaa chekundu, marashi, mbuzi mweusi, kisha hupewa na kuondoka.

"Haya, bwana mkubwa, sema. Unataka nini umwache mja wa Mungu?"

Mwamini aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Sitaki mbuzi," akasema. "Mje na kesho."