Mzee Mabomba na Chumba cha Faragha cha Mfalme

Mzee Mabomba alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimjua kwa ulimi wake kuliko kwa spana yake. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajaulizwa hali, ameshauliza choo kinapitisha vipi. Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, chakula kikiwa mezani, aliwasimulia alichokitoa kwenye shimo la majitaka la mwalimu mkuu. Mkewe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Basi watoto walipowakatia tiketi za kwenda kutembelea jumba la wafalme wa zamani, mkewe alimkalisha kitandani.

"Mzee, sikuombi gauni, sikuombi kiatu. Naomba siku moja tu usitaje choo."

"Wala bomba?"

"Wala bomba, wala mtaro, wala harufu."

Akaapa.

Tabu ilianzia bustanini. Wenzao walipiga picha na mawaridi. Yeye aliona mstari wa majani yaliyonawiri kuliko mengine, umenyooka kama rula kutoka ukutani hadi bondeni. Alijua fika kilichokuwa kikiyalisha. Akameza mate, akasema, "Maua mazuri." Mkewe akamtazama kwa shaka.

Ghorofani walionyeshwa kitanda cha mfalme, kifupi kama cha mtoto, na picha za mababu walionuna kama wamenyweshwa dawa chungu. Kisha mwongoza wageni, kijana mwenye tai na sauti ya mazishini, akawaingiza kwenye kijichumba cha mawe. Ndani mlikuwa na benchi la jiwe, na katikati ya benchi tundu la duara.

"Hapa ndipo mfalme alipokuja kutafakari," alinong'ona. "Kila alfajiri. Peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumsumbua."

Mzee Mabomba hakuona neno hata moja la uongo hapo.

"Na hilo tundu?" mgeni mmoja akauliza.

"La moshi wa ubani."

Mkewe, mtu wa sala asubuhi na jioni, akavua viatu, akainamisha kichwa. Wageni wengine nao wakavua kofia. Mzee akauma midomo. Akisema, amevunja kiapo. Asiposema, mke wake anasali chooni. Na ufundi nao ukamwasha: alitaka kujua mteremko ukoje. Akasogea, akapiga magoti, akaingiza uso tunduni. Lo, mawe yamelazwa kwa ustadi, hata leo yangepitisha!

"Ee Mungu wangu," akasema, na tundu likaivumisha sauti chumba kizima.

Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa analia. Miaka yote alimwombea huyu mtu apige magoti, na miaka yote magoti yake yalikuwa kazini kwa watu.

Mzee akabaki palepale chini, magoti yakimwaka moto, mpaka kijana alipokohoa.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mkewe akamshika mkono. "Umeona nini mle, mume wangu?"

Angeweza kudanganya, lakini aliona hastahili machozi yale.

"Nisamehe, mama. Kile ni choo. Nilikuwa naangalia mteremko."

Mkewe akatazama viatu vyake. "Na mimi nimesali mle."

"Umesali."

"Mbona hukunizuia?"

"Si niliapa?"

Mabega ya mkewe yakaanza kutikisika. Mzee alidhani analia tena, kumbe anacheka, mtandio mdomoni.

"Shida ni moja," akasema akijifuta macho. "Ulivyoinama nilikupiga picha, nimeshawatumia wenzangu wa maombi. Wanasema siku ya ibada watakungoja mlangoni."

"Waambie ukweli."

"Niwaambie mimi nimesali wapi? Utakuja, upige magoti tena, tuyamalize."

Mzee akakuna kidevu. "Na kule mnakosali choo kikoje?"

Jua lilikuwa bado juu, na kiapo kilikuwa cha siku nzima. Mkewe akatazama huku na huku kama kuna anayesikia.

"Kimeziba tangu mwezi uliopita," akasema.

"Basi nitawahi kabla ya watu."