Barua Ambayo Mjomba Asingeiandika

Chuo cha uuguzi pale mjini Morogoro kilitaka barua mbili: ya utambulisho kutoka kijijini, na ya mapendekezo kutoka kwa mtu anayenijua. Mimi nilidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Ya kijiji niliipata kwetu Matombo bila shida. Mtendaji ananijua tangu nabebwa mgongoni, ila barua yake ilisema tu kwamba mhusika tajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki na hajapatikana na kosa lolote. Hata mwizi wa ndizi ambaye hajakamatwa angeandikiwa hivyohivyo. Muhuri ukagongwa, pa! Nikashukuru.

Ya pili akaandika mjomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wako. Sasa ningemwendea nani mwingine? Akajaza kurasa tatu. Wa kwanza wote ulikuwa wa bibi yangu. Wa pili ulihusu iliki yetu, ambayo haijawahi kuuzwa na mchanga ndani. Mimi nilitokea mwishoni kabisa: mtoto mpole, msikivu, asiyejua kujibu wakubwa.

Mpole! Mimi!

Karani wa chuo aliisoma, akauliza, "Huyu ni nani yako?"

"Mjomba wangu."

"Ndugu haruhusiwi, dada. Lete ya mtu uliyefanya naye kazi, mwisho Ijumaa. Usipoleta, nafasi anapewa mwingine."

Mjomba, aliyenisindikiza na viatu vyake vya kanisani, alifura. "Nani anamjua huyu kuliko mimi?" Nikamvuta mkono tukatoka kabla hajaharibu zaidi.

Niliyefanya naye kazi alikuwa mmoja tu: sista mkuu wa zahanati ya misheni, nilikokuwa nafagia na kupanga foleni ya wagonjwa. Jamani, yule mama alikuwa mkali! Tena nilijua ananiwekea kinyongo. Jioni moja aliniamuru nifunge mlango, kazi imekwisha. Nikamwona mama mmoja anashuka mlimani mbiombio na mtoto mgongoni, nikagoma. Nikamjibu sista mbele ya watu, "Funga mwenyewe." Alimhudumia yule mtoto, halafu akanisema mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaenda hivyohivyo. "Tumsifu Yesu Kristo, sista."

"Milele amina. Unataka nini tena?"

Aliandika nikiwa nimesimama. Akaifunga bahasha kwa gundi, akagonga muhuri juu ya mkunjo. "Usifungue," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake. Njia nzima hadi mjini niliigeuzageuza ile bahasha, maana kama amesema ule ukweli, basi uuguzi ningeusikia kwa wenzangu.

Siku ya usaili, mama mmoja mezani aliisoma, akaniangalia juu ya miwani. "Hapa sista anasema una mdomo."

Nimekwisha, nikajisemea.

Akaendelea kusoma kwa sauti: "Alikataa kufunga mlango nilipomwamuru. Mimi nilikuwa nimechoka, yeye alikataa kuchoka. Mtoto aliyeingia kwa mlango ule sasa anatembea. Adabu mtamfundisha. Hilo jingine nimejaribu kuwafundisha wengi, nimeshindwa."

Mtu aliyenikaripia kila siku ya Mungu, kumbe muda wote alikuwa ananitazama, akaniona nilivyo, na ubaya wangu na uzuri wangu, akaviandika vyote pamoja. Sikujua kama binadamu anaweza kuonwa hivyo na mwenzake. Machozi yakanitoka mbele ya wakubwa wale na sikuona haya.

"Haya, ni kweli una mdomo?"

"Ni kweli, mama. Na ule mlango hata leo nisingeufunga."

Wakacheka. Yule mama akaniambia nikalete godoro na ndoo, nimepata nafasi.

Mjomba alikuwa ananisubiri getini na viatu vyake vilevile. Nikamsimulia barua yote, neno kwa neno. Akainama, akafuta vumbi kwenye viatu.

"Mimi nisingeandika hayo," alisema. "Ningeyaficha. Huo mdomo wako, mwanangu, nilikuwa nauonea aibu."

Tukaanza kutembea. Mbele kidogo akasimama, akauliza kama yule mtoto anatembea kweli.

"Anakimbia, mjomba."