Gari Lilale kwa Nani

Asteria alipokuwa mdogo, huko Songwa, alikuwa na kinyongo kimoja tu na baba yake, nacho kilihusu maziwa.

Baba yake, mzee Masalu, alikuwa mtu wa minadani. Siku ya mnada walitoka mapema, baba mbele na fimbo yake, Asteria nyuma akikimbilia zile hatua ndefu, vumbi likiwapanda hadi magotini na vifusi vya mgodi wa almasi vikianza kupata jua nyuma yao. Njiani walimpitia Makoye, rafiki wa baba, mtu mrefu ambaye ungeweza kutembea naye hadi mnadani na kurudi usimsikie akikohoa. Asteria alipenda kumtazama Makoye akikagua ng'ombe. Alimzunguka polepole, akamshika sikio, akamfunua mdomo, akainama kunusa kwato. Alijua wale wauzaji wanaolambisha ng'ombe chumvi ili wanywe maji mengi matumbo yajae kama ngoma.

Jambo la ajabu ni kwamba baba hakuwahi kumuuliza Makoye, "Unamwonaje?" Mwenye ng'ombe si amesimama palepale? Nani atamtukania mtu ng'ombe wake akisikia? Baba aliuliza neno moja tu:

"Alale kwako?"

Makoye akisema "Alale," baba alinunua, na ng'ombe huyo alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la Makoye, akakaa huko mpaka mvua ziishe. Makoye akisema "Kwangu hapana," baba alimshukuru mwenye ng'ombe, wakasogea mbele, na hakuna aliyenuna.

Aliyenuna ni Asteria. Msimu mzima ng'ombe wao yuko kwa watu, na maziwa wanakunywa watoto wa Makoye.

"Baba, kwani sisi hatuna zizi?"

"Tunalo."

"Sasa kwa nini wanakunywa wao?"

"Akiumwa, ataumwa katikati ya ng'ombe wa Makoye," baba alijibu, akaendelea kuchonga mpini wa jembe kama mtu aliyemaliza maneno yote. Asteria hakuona kama yamekwisha. Kila akipita kwa akina Makoye na kuona watoto wana povu jeupe juu ya midomo, aligeuza shingo akatazama upande mwingine.

Miaka imekwenda. Asteria sasa ni Mama Lusia wa Isaka, na ukiuliza pale karibu na reli, kwenye maegesho ya malori, watakuonyesha banda lake la mchele. Mchele anaununua kwa wakulima na kuupeleka Katoro, kwa sababu wachimbaji wa dhahabu wakipata wanakula wali, na wakikosa wanakula wali wa kukopa. Shida yake ilikuwa usafiri. Magunia yalisafiri kwenye malori ya watu, juu ya shehena za watu, na mvua ikinyesha turubai lilifunika vya wengine kwanza. Amewahi kufika Katoro na mchele umeanza kuota ukungu.

Baba alipofariki aliacha ng'ombe wachache, na Asteria alikataa kuwauza kwa muda mrefu sana. Wadogo zake walishamaliza wa kwao. Yeye aliwaweka huko Songwa, akawa akienda anakaa tu zizini, ananusa ile harufu, anarudi. Mwaka jana aliwauza wote ili anunue kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Usiku wa kuamkia siku ya kuwauza hakulala. Kwa hiyo hela alizozifunga kiunoni siku aliyokwenda Katoro kuangalia gari hazikuwa hela tu. Zilikuwa zizi la Masalu, lote, hata yule mwekundu mwenye pembe moja. Akipigwa, akauziwa bovu, ndiyo basi, Masalu hatakuwa ameacha kitu chochote kinachotembea juu ya ardhi.

Ndiyo maana hakwenda peke yake. Alimchukua Pantaleo, fundi wa mtaani kwake, kijana mwenye gereji ya mabati matatu na uwanja mkubwa nyuma unaoota mbigili. Watu walimwambia kule Katoro mafundi ni wengi, wapo hapohapo karibu na dalali. Asteria akajibu, "Hao waliopo karibu na dalali ndio ninaowaogopa."

Walifika Katoro bodaboda zikipigiana honi kama kawaida. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la vipuri, jeupe, limeoshwa, matairi yamepakwa weusi yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Dalali mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kwenye simu alijulikana kama Kishindo, na Asteria alikuwa hajawahi kumwona.

Pantaleo alipomwona alisimama ghafla. Kisha akachuchumaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu." Yule mzee akacheka. "Kumbe fundi wenyewe ni wewe? Agnetha hajambo? Na wajukuu zangu?"

Ndipo Asteria akajua kwamba Kishindo ni mzee Luhende, baba mdogo wa Agnetha, mke wa Pantaleo. Na Pantaleo akamnong'oneza wakati wanalikaribia gari, "Huyu ndiye aliyenitetea wakati wa posa, Mama Lusia. Wenzake walisema binti hawezi kuolewa na mikono ya oili. Mimi najua analima pamba. Udalali sijui kaanza lini."

Asteria akafurahi. Ukweni tena! Alidhani mambo yamekuwa rahisi.

"Namba D hiyo, mayo, gari la juzijuzi," mzee Luhende alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Injini haijaguswa. Mwenyewe alikuwa anaendea kanisani tu."

"Kanisani na kirikuu, baba?"

"Kwaya, mayo. Anabeba kwaya."

Hata Asteria alicheka. Pantaleo hakucheka. Alifungua boneti, akawasha, akasikiliza. Akaingia chini. Akafungua mlango, akafunua zulia jipya lililonukia dukani, akatazama hapo chini kwa muda mrefu kuliko alivyotazama injini. Akaingiza kidole, akakitoa, akakifuta kwenye suruali haraka. Kisha akalirudisha zulia vizuri, akalipapasa kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Unalionaje, Pantaleo?"

"Zuri tu, mama."

"Zuri kabisa?"

"Zuri tu." Alikuwa anatazama matairi.

"Si nilikwambia," mzee Luhende alisema. "Sasa mama, wapo vijana wametoka machimboni wamepata, wanalitaka hili jioni. Mimi nawazuia kwa sababu yako."

Mkono wa Asteria ulikwisha kufika kwenye fundo la kitenge. Alishika fundo, hakulifungua. Jua lilikuwa kali, vumbi linapita, wanaume wanapiga kelele za bei huku na huku, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijiona amesimama mnadani, mdogo, macho yake yakiishia kwenye kiuno cha baba. Aliona kosa lake waziwazi. Amemuuliza mkwe gari la mkwewe analionaje. Anategemea ajibu nini? Makoye mwenyewe angejibu nini?

Akaachia fundo.

"Pantaleo mwanangu, nina jambo. Mimi kwangu hakuna pa kuegesha. Nikilinunua, lilale kwako. Mpaka mvua ziishe. Agnetha na watoto walitumie wanavyotaka, kisimani, kanisani, popote. Likiharibika, liharibikie kwako. Lilale?"

Pantaleo aliinua uso. Akamtazama Mama Lusia, akamtazama baba mkwe wake, akatazama lile zulia.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Kwangu lisilale."

Mzee Luhende aliyekuwa anajipepea na kofia alikoma. Hakuna aliyesema gari ni baya. Lakini yeye naye alikulia na ng'ombe, na swali lile alilijua.

"Mama," akasema, "wewe mtoto wa nani?"

"Wa Masalu, Songwa."

"Swali hilo nililisikia mwisho kwa marehemu baba yangu." Akainuka kwenye kiti, akaenda mwenyewe kwenye gari, akafunua zulia. Alikaa ameinama pale. Alipogeuka alikuwa na tope kavu kwenye vidole, na chini kote kutu imekula bati kama mchwa. Lile gari lilikwisha kulala majini.

"Mimi nimeletewa tu likiwa safi hivi," alisema. "Sikufunua." Akamgeukia Pantaleo. "Mkwe wangu, si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje, baba?"

Mzee akafikiri, akatikisa kichwa. Kweli, angemwambiaje. Akawaagizia soda, na wale vijana wa machimboni walipokuja jioni, Asteria na Pantaleo wakiwa bado wanasubiri usafiri, walimsikia akiwafunulia zulia mwenyewe.

Kirikuu cha Asteria kilipatikana baadaye, Ushirombo, kwa mama mmoja mwoka mikate. Ni cha bluu iliyofifia, mlango mmoja umebonyea, na hakuna aliyehangaika kukiosha. Pantaleo alikizunguka polepole, akafunua zulia. Asteria hakumuuliza anakionaje.

"Kilale kwako?"

"Kilale hata leo, mama."

Kikalala kwenye ule uwanja wenye mbigili, masika yote. Asubuhi Asteria alikichukua kupakia mchele, na siku zisizo za safari Agnetha alichotea maji, na watoto wake walikalia ndoo huko nyuma wakiimba.

Siku moja Lusia, bintiye, alirudi shuleni miguu imejaa matope, akatupa begi kwenye mkeka.

"Mama, mimi natembea na mvua, watoto wa Pantaleo wananipita na gari letu wananipungia mikono. Kwani sisi hatuna pa kuliweka?"

Asteria alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Alimtazama Lusia, ile shingo iliyogeuzwa, lile domo, na ilibidi avute upande wa kitenge ajifute macho kwanza.

"Tunapo," akasema. "Njoo ukae hapa, nikwambie habari za babu yako na maziwa."