Mama alinituma Sardinia nikamwonjee chakula, nikaenda na wivu wangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Naanza na jambo nililolikana mbele ya mume wangu, mchungaji na mashoga zangu wote: namwonea wivu mdogo wangu Robi. Nimefika umri wa miwani ya kusomea, na bado akituma picha naikuza nione kama amenenepa.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Robi alikuwa mpishi kwenye loji moja karibu na geti la Ikoma la kuingilia mbugani. Mimi wakati huo niko chuo kikuu, nasoma fasihi. Nilipomaliza nilipata cheti na kazi ya kufundisha Tarime. Yeye akampata Efisio, mtalii kutoka kisiwa cha Sardinia, huko Bahari ya Mediterania, aliyeomba aongezewe mchuzi akasahau kurudi kwao.

Wakaoana, wakahamia kisiwani. Nikatabasamu kwenye picha zote za harusi. Taya ziliuma wiki nzima.

Mwaka jana Robi akapata mimba. Akampigia mama kijijini kwetu Kenyamonta: njoo ukae na mimi mpaka mtoto atambae.

Mpaka atambae!

Niwaeleze hali yangu. Watoto wameondoka nyumbani. Mume wangu yuko Kewanja na shughuli za mgodini, akirudi anaongea na simu yake. Mimi Jumamosi naenda kwa mama, tunakaa jikoni kwake, tunamenya viazi, tunawasema watu. Hiyo ndiyo starehe yangu. Na Robi, mwenye kila kitu, anataka na hiyo.

Mama hakukubali wala hakukataa. Mama yangu hali asichokijua. Hata kwenye harusi za watu anakwenda na hotpoti yake. Akaniambia, "Bhoke, tangulia wewe, kaonje. Kama chakula chao kinalika, nitakwenda. Kama hakiliki, Robi atauguzwa na wakwe zake."

Nilifurahi kama mgombea aliyeambiwa ahesabu kura zake mwenyewe. Nikawaambia walimu wenzangu nakwenda likizo. Moyoni nilishaandika ripoti: chochote nitakachokula huko, kibaya.

Nilitegemea bahari, samaki na makaroni. Kumbe kijiji cha akina Efisio kiko milimani, bahari huioni. Ni wafugaji wa kondoo na mbuzi. Wazee wanasimama barabarani na fimbo zao, wanakagua gari la mgeni kana kwamba limeletwa mnadani.

Siku ya kwanza mama mkwe wake Robi, anaitwa Mama Pina, aliniwekea bakuli mbele yangu. Nikachungulia.

Maziwa mgando, wakuu. Ya kondoo, mazito, na ule ukali unaokufanya ufumbe jicho moja. Nilimaliza bakuli lote nikiwa nimenuna.

Kesho yake walichinja mbuzi. Wanaume wakachomea nje, kila mmoja akimkosoa mwenzake kuhusu moto. Utumbo waliusafisha, wakausuka kama nywele, wakauzungushia kijiti na kuuchoma. Nilikula nikitafuta kasoro. Sikuiona, nikaomba niongezwe ili niitafute vizuri.

Halafu Mama Pina akatoa figo kwenye makaa. Akalipuliza, akaliweka kwenye sahani ya Robi kabla mwanaume yeyote hajapewa kitu.

Niliacha kutafuna. Mimi nimeolewa miaka mingi, na ukweni kwangu figo nalisikia tu kwamba lilikuwepo.

"Dada, mbona umekunja uso?" Robi akauliza. "Nyama ngumu?"

"Moshi."

"Moshi unaelekea kule, dada."

Siku chache kabla ya kuondoka, Mungu akanikumbuka. Mjomba wake Efisio alileta jibini lililofunikwa kitambaa. Akafunua. Ndani kuna funza. Wazima! Wanarukaruka, na wenye nyumba wanachota jibini hilo kwa mkate mwembamba kama karatasi, wanakula na kusifia. Eti ni kitu cha heshima, hakiuzwi hata dukani.

Nilitaka kumbusu yule mzee. Nikachukua simu, nikatoka nje.

Funzo naliweka hapa kabisa, maana nikifika mwisho sitakuwa na la kusema: mwenye wivu asitumwe kuonja. Au labda ndiye atumwe? Mtanipa maoni hapo chini. Na wenye wadogo zao walioolewa pazuri, jitokezeni, nisibaki peke yangu kwenye uzi huu.

Basi, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eeh, lete habari."

"Mama, huku huwezi. Wanakula jibini lenye funza! Wazima, wanaruka!"

"Funza. Haya. Na maziwa je?"

"Maji matupu."

"Nyama?"

"Kama kandambili, mama."

"Na huyo mama mkwe?"

"Mchoyo. Hata nyama anaitoa kwa kupima."

Nikasikia kuku wake wakigombana uani. Nikaanza kuiona Jumamosi yangu, viazi, na watu wote ambao bado hatujawasema.

"Sawa," akasema. "Mwambie Efisio akate tiketi yangu."

"Mama! Funza hujawasikia?"

"Nimewasikia. Bhoke, Robi aliposhonewa lile gauni la kipaimara, ulisema ni kama gunia. Kesho yake nikakukuta umelivaa, unajigeuza mbele ya kioo. Alipopata kazi loji, ukasema ni kazi ya kuosha masufuria. Alipomleta huyu Efisio, ukasema ana sura ya kambare. Kitu cha Robi kikiwa kibaya kweli, wewe ndiye wa kwanza kumpongeza. Sasa ulidhani kwa nini nilikutuma wewe?"