Sekunde Thelathini na Vipandio Tisa

Msimu wa mpunga wa mwaka juzi niliingia kwenye dungu langu kwa kusukumwa makalio na wanaume wawili. Mmoja alikuwa mwanangu wa kwanza, ambaye labda ana haki kidogo ya kufanya hivyo, na wa pili alikuwa jirani wa shamba, ambaye hana haki kabisa. Nilikuwa nimefika kipandio cha tatu cha ngazi, miguu ikaanza kutetemeka, nikagoma kwenda juu na nikagoma kurudi chini. Nikabaki pale katikati nimeikumbatia ngazi, nawatukana wote wawili, huku watu wa mashamba ya jirani wamesimama wanaangalia. Waliponifikisha juu nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja na heshima yote.

Kwa asiyelijua bonde letu la Kilombero, dungu ni kibanda kinachojengwa juu ya nguzo katikati ya mashamba ya mpunga, ili maji ya masika yapite chini na mtu alale juu. Msimu ukifika, nusu ya mtaa wetu wa Mlabani hufunga milango, hubeba masufuria na kuku na kuhamia shambani. Mpunga ukianza kutoa masuke, lazima mtu akae dunguni tangu alfajiri kuamia ndege, maana kweleakwelea wakishuka bila kufukuzwa mtavuna mabua. Kuamia ndiyo kazi yangu. Nimeshona nguo hapa Ifakara miaka arobaini, sare za shule na sare za kwaya, lakini ukiwauliza watu wa bondeni watakwambia mimi ni yule mama mwenye sauti. Nikipiga debe na kupaza sauti, ndege wa mashamba matatu huondoka, na majirani hawajawahi hata kunishukuru. Huko juu nina furaha ambayo sijawahi kuipata mahali pengine popote, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Mavuno yalipokwisha, mwanangu alikuja nyumbani, akakaa, akakohoa. Nikajua kuna jambo.

"Mama," alisema, "msimu ujao utapumzika hapa mjini. Nitatafuta mtu wa kuamia."

Neno kupumzika mimi silipendi. Watu wakisema fulani amepumzika, kinachofuata ni kutafuta jeneza. Nikamuuliza, je, nikipanda ngazi mwenyewe?

"Ukipanda vipandio vyote tisa bila kushikwa na mtu," alisema, "godoro lako nitalibeba mimi mwenyewe mpaka juu." Alisema kwa upole ule tunaoutumia kumwahidi mtoto kwamba akimaliza uji atanunuliwa ndege ya abiria. Nilitamani kumrushia mkasi.

Wakati huo ukweli ni kwamba sikuweza hata kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Nilikuwa na mbinu zangu. Nilikuwa naangusha kibao changu cha kupimia nguo makusudi, mtu akija kukiokota namshika bega, nainuka, namwambia asante mwanangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo nilidhani miguu yangu ina nguvu za kunitosha mpaka kaburini. Kumbe nyayo zilikuwa na nguvu, mapaja yalikuwa yamekwisha kimya kimya.

Haya aliniambia binti wa mazoezi katika kituo cha afya nilichokwenda kupima presha. Alikuwa mtaalamu wa viungo, mdogo, mwembamba, na sauti yake kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alikuwa anaanzisha kundi la wazee, siku tatu kwa wiki, robo saa tu kila siku. Mnafanya kwa nguvu zenu zote sekunde thelathini, alisema, mnapumzika dakika moja na nusu, mnarudia. Kuinuka na kukaa kwenye kiti, kupanda na kushuka ngazi ya baraza, kunyanyua dumu la maji. Muda ni mfupi lakini lazima muhemewe, ndipo misuli inapopata habari kwamba bado inahitajika. Nilimcheka waziwazi. Mimi kufunga kanga tu huchukua zaidi ya sekunde thelathini. Lakini alinipima presha, akasikiliza moyo, akasema naruhusiwa, nami nilikuwa nimeshahesabu miezi iliyobaki hadi mpunga utoe masuke. Nikajiandikisha.

Tulikuwa tisa. Miongoni mwetu alikuwemo mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli Mlimba hadi akastaafu, mrefu, mkimya, anakuja mazoezini na koti. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya kituo, mahali pazuri penye kivuli, na kosa letu likaanzia hapo hapo, maana ndipo inapopita njia ya mkato ya kwenda sokoni.

Binti anasema anza. Tunainuka mara moja, mara ya pili, anapita mama na beseni la nyanya. "Shikamooni!" Sasa wewe mtu mzima, mwenye wajukuu, utaacha kuitikia? Tunasimama. "Marahaba, hujambo? Watoto? Na mama yako mguu unaendeleaje?" Mguu wa mama yake unaendelea vizuri. Sekunde thelathini zimekwisha. Binti anasema tupumzike, nasi tunapumzika, ingawa hakuna aliyechoka. Awamu inayofuata anapita mwalimu, kisha katekista, na katekista huwezi kumwitikia umekaa.

Hata njia ikiwa tupu, binti mwenyewe alikuwa tatizo. Alilelewa vizuri mno. Angewezaje kumpigia kelele mtu wa umri wa bibi yake? "Samahani bibi," alikuwa akiniambia, "naomba, kama hutajali, ukiweza, uinuke kwa haraka kidogo, pole sana." Alipofika kwenye pole, muda ulikuwa umekwenda. Na mzee wa reli, binti alimwamkia upya kila awamu, asije akamkosea. Wiki ya tatu alitupima, akaangalia daftari lake, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Kuinuka kwangu kulikuwa kule kule kwa siku ya kwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameongeza kitu, ila habari za mjini tulikuwa nazo zote.

Nikapandwa na hasira. Niliona godoro langu limekunjwa Mlabani msimu mzima, na mtu mwingine amekaa dunguni kwangu anafukuza ndege kwa sauti ya kuombea chumvi.

"Wewe binti," nikamwambia, "una bibi?"

"Ninaye. Yuko Mang'ula."

"Ukienda kwake unamwambia samahani, naomba, kama hutajali?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu tumjue. "Yule? Yule ni mke mwenza wangu. Namwambia babu amemchoka, ananitaka mimi. Juzi nimemwambia afungashe arudi kwao."

"Basi sisi hapa ni bibi zako na babu zako," nikasema. "Utani ni haki yako. Ukituomba samahani tena, mimi sirudi."

Alimwangalia mzee wa reli kana kwamba anaomba kibali. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa uzito, kama anaruhusu treni ya mizigo. Binti akafunga daftari lake. Kisha ikatoka sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi.

"Mke mwenza! Mzee wetu hakuoa gunia la pumba! Inuka!"

Niliinuka kabla sijajua nimeinuka. Na yeye, akishaonja, hakushikika tena. "Haraka, mke mwenza, mzee yuko juu anakungoja, unataka nitangulie mimi? Na wewe mume wangu mwenye koti, ukikaa kabla sijasema, leo unalala jikoni na kuku!" Mzee wa reli, ambaye tulidhani hajui kucheka, alicheka mpaka akavua koti. Tulipanda na kushuka ile ngazi ya baraza huku tunalia machozi ya kicheko, na ilipofika mwisho wa robo saa nilikuwa nahema, jasho linatoka mahali nilipokuwa nimesahau kwamba hutoka jasho. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu barabarani. Mtu wa bodaboda alisimama kuniuliza kama niko salama.

Zikabaki salamu. Hizo alizitatua mzee wa reli. Ijumaa alikuja na bendera zake mbili za kazi, ya kijani na nyekundu, zimefuliwa na kupigwa pasi, akamkabidhi binti aziinue pale kwenye njia ya mkato. Nyekundu ikiinuliwa, alieleza, reli ina treni, hakuna anayeingia. Nilizipindia kingo upya kwa cherehani yangu, maana zilikuwa zimechoka. Na watu wakatii! Mama wa nyanya, mwalimu, katekista, wote walisimama nyuma ya bendera na mizigo yao wakingoja. Wengine walianza kutuhesabia. Ikiinuliwa ya kijani wanasema kwa pamoja, kama kwaya, "Shikamooni!"

Nasi hatukuweza kuitikia. Tisa wazima tumekaa midomo wazi, na marahaba haitoki. Siku ya kwanza tuliona aibu, lakini binti aliruka juu kwa furaha. "Hiyo ndiyo yenyewe!" alipiga kelele. "Mtu akiitikia marahaba bila kuhema, hajafanya kitu, arudie!" Kuanzia siku hiyo hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, na mwenye kuitikia mapema alizomewa.

Sisemi haikuuma. Wiki zile za mwanzo, kuchuchumaa chooni kulikuwa msiba, na nilikuwa natoka nimeshika ukuta huku namsema binti wa watu. Yeye alisema maumivu ya misuli ni sawa, ya goti ndiyo tumwambie. Lakini siku moja kibao changu kilianguka chenyewe, kweli chenyewe, nikainama, nikakiokota, nikainuka. Nilikuwa nimeshaanza kukata kitambaa tena ndipo nikatambua nilichofanya. Nikaacha mkasi, nikakaa kwenye kigoda, nikainuka. Nikakaa, nikainuka. Mteja aliyeingia kuchukua gauni alinikuta naendelea, na sikusimama, nilimwonyesha mkono tu angoje.

Mwezi wa nne mpunga ulianza kutoa masuke. Mwanangu alikuja kunichukua na bajaji, godoro limefungwa juu, na usoni ameandaa maneno ya kunifariji. Tulipofika shambani nilimkuta yule jirani asiye na haki naye amesimama chini ya dungu ameshakunja mikono ya shati.

"Ondokeni hapo," nikawaambia. "Mbali. Mpaka kwenye tuta."

Kipandio cha kwanza, cha pili. Cha tatu miguu ilikumbuka. Goti la kulia likaanza lile tetemeko lake, nami nikaikumbatia ngazi kama ule mwaka, nikasikia nyasi zinatoa mchakacho nyuma yangu, mwanangu anakuja. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua. Ngazi hii aliijenga marehemu mume wangu, kwa miguu yake mirefu, ndiyo maana vipandio vyake vimeachana kiasi hiki. Na pale nimesimama ikanijia sauti ya yule binti, neno alilokuwa akinitania kila siku bila kufikiri: mke mwenza, mzee yuko juu anakungoja.

Nikakasirika. Nikasema kwa sauti, "Nakuja, kwani kuna haraka gani?" Nikakaza paja. Cha nne. Cha tano na cha sita nilivipanda pamoja, sijui vipi. Cha saba, cha nane, nikahema, nikamsikia jirani anahesabu kwa nguvu kutoka kwenye tuta kama watu wa bendera. Cha tisa nikaingia kwa magoti na viganja, nikasimama mwenyewe, nikajigonga kichwa kwenye paa.

Hakuna aliyekuwa ananingoja, najua. Lilikuwepo debe tu, kwenye msumari alipolitundika yeye. Nililia kidogo na kucheka sana, na nikalipiga mara moja, kwa nguvu zote, ndege wakaruka mpaka shamba la jirani.

Chini mwanangu alikuwa amerudi kwenye bajaji. Alifungua kamba, akajitwika godoro kichwani na kuanza kupanda. Ana kitambi, mwanangu, na kazi yake ni ya kukaa. Kipandio cha tano alisimama. Cha saba alisimama tena. Alipofika juu alilibwaga godoro, akakaa juu yake, akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu alipokuwa mdogo. Alitaka kuniamkia, maana kwetu huingii kwenye dungu la mtu bila kumwamkia mwenyewe. Akafungua mdomo. Haikutoka shikamoo, zilitoka pumzi tu.

Nikamwinulia mkono.

"Pumzika dakika moja na nusu," nikamwambia. "Halafu kalete masufuria na kuku."