Mikeka ya Nyanya

Juzi hapa Galbet, mtaani kwetu Garissa, nilimwona ng'ombe akitafuna boksi nyuma ya duka. Watu walicheka, mmoja akatoa simu ampige picha. Mimi niliketi kizingitini. Ndugu yangu, najua ng'ombe anavyofikia hapo.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa ukame mkali, nikiishi na nyanya yangu, ayeeyo kama tulivyomwita, nje kidogo ya Eldas. Baba alikuwa amewaswaga ng'ombe wenye nguvu kwenda kutafuta malisho, na habari zake zilikuwa zimekatika. Tuliachiwa wanne wasioweza safari. Watatu wakafa. Akabaki Guduuda, ng'ombe mwekundu ambaye maziwa yake ndiyo yaliyonilea tangu mama afariki.

Kila asubuhi tulimsimamisha. Ng'ombe aliyekonda akilala hainuki peke yake, na asipoinuliwa hufia hapo hapo. Nyanya alishika mkia, jirani pembe, mimi naweka bega kwenye mbavu zilizonuka vumbi na jasho. "Bismillahi!" nyanya alisema, nasi tukasukuma. Akishasimama, Guduuda alitetemeka miguu yote minne, kisha akamlamba nyanya mkono kwa ulimi mkavu.

Siku moja hakuinuka. Tulijaribu mara tatu. Jirani alijifuta jasho, akasema kwa upole, "Ayeeyo, turuhusu tumchinje angali na roho. Akifa mwenyewe ni haramu, na watoto wana njaa."

Nyanya alikwenda akaanza kubandua mikeka ya nyasi iliyofunika nyumba yetu, ile aliyosukiwa na mama yake alipoolewa. Akaikatakata, akailowesha kwa maji yetu ya kunywa, akamlisha Guduuda kwa mkono. Guduuda akala. Alikula polepole, macho yake kwa nyanya.

"Umeona?" nyanya akaniambia. "Anataka kuishi."

Mimi nilitaka nyama. Sikufichi. Tumbo langu halikuwa na kitu ila uji wa jana yake, nikamwambia, "Unampenda yeye kuliko mimi."

Hakunipiga. Aliendelea kukata mkeka.

Kesho yake adhuhuri, jua likituchoma, paa la nyumba yetu limebaki fito tupu, Guduuda alikata roho, kichwa chake mapajani mwa nyanya. Jirani alikuja mbio na kisu, akakuta kumekwisha. Tulimburuta mpaka vichakani, na hakuna aliyekula siku ile.

Baba alirudi baada ya mvua, akiwa na fimbo yake na hakuna kingine. Tukahamia Garissa, kwenye nyumba ya mabati. Huko, mwaka mmoja kabla hajafariki, nyanya aliniambia ghafla tukichambua mchele, "Siku ile ulikuwa na haki, mwanangu. Mkono wangu ndio uliokataa kumtoa achinjwe." Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa hata kuinua uso.

Alikuwa akiwataja ng'ombe wake kwa nasaba, huyu binti wa fulani, na fulani binti wa fulani, vile sisi tunavyowataja mababu zetu. Nilimsikia mara nyingi na sikuandika. Sasa kizazi chote kile cha ng'ombe kimekwisha, na yeye yuko kaburini. Nikijaribu kuwataja peke yangu nafika wa nne, nakwama, na hakuna tena mtu duniani wa kuniambia huyo alizaliwa na nani.