Chupa Kubwa ya Mumo

Nakumbuka siku moja kule Kilungu, mwanangu, siku ambayo bado inanichemsha damu, na wewe Jumamosi iliyopita ulinirudisha palepale. Weka simu chini. Leo shangazi yako habembelezi mtu.

Jumamosi, kwenye meza yetu ya mchezo hapa nyuma ya duka langu la nafaka Makindu, nilikusikia ukimwambia Mueni, "Wewe tangulia pangoni. Ukifa, mimi nitakufufua." Mtoto wa watu akakuamini. Nilitaka kukukatiza, lakini wateja wa ndengu waliniita mbele, na niliporudi mlikuwa mmeshaondoka. Jumamosi ijayo ndio wahusika wenu wanaingia pangoni. Basi nisikize kabla hamjaingia.

Kule Kilungu tulikuwa vijana wachache, na mjomba wangu Nzioki ndiye aliyekuwa msimulizi. Yeye anaeleza dunia ya kubuni, sisi tunasema wahusika wetu wanafanya nini, dadu zinaamua. Watu wa kanisa hawakutaka kusikia neno uchawi, hata wa kuigiza, kwa hivyo mjomba akabadilisha majina. Maneno ya nguvu tukayaita dawa. Ule uwezo wa kuyatumia, unaoisha mpaka mhusika alale ndio urudi, tukauita chupa, na kila chupa ina daraja lake. Dawa inaingia kwenye chupa ya daraja lake au kubwa zaidi. Ni hivyo tu, hata sasa ni hivyo tu, na sijui ni nini kinachowashinda nyinyi mliosoma.

Tena mjomba alikuwa na utaratibu alioutoa kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ya kuchimba matuta shambani. Kwa mwethya unatangaza mapema utaleta nini, jembe au sururu, na ukija mikono mitupu unatozwa faini. Kwa hivyo kabla dadu haijaguswa, kila mmoja wetu alitangaza amekuja na nini.

Mumo, binamu yangu, alikuwa amechanganya kazi mbili. Mhusika wake alisomea utabibu hadi ngazi ya tatu, halafu akauchoka, akachukua unajimu ngazi mbili. Siku hiyo alijipiga kifua. "Mimi nimekuja na chupa ya daraja la tatu. Mtu akianguka, namwinua." Na chupa kweli alikuwa nayo. Ukichanganya kazi, ngazi zinajumlishwa ndipo ujue una chupa gani, na tatu na mbili ni tano, na ngazi ya tano ndiyo inayokupa chupa ya daraja la tatu. Lakini dawa hazijumlishwi, mwanangu. Dawa unahesabu kwa kila kazi peke yake, kana kwamba hiyo nyingine hujawahi kuiona. Tabibu wa ngazi ya tatu anaishia dawa za daraja la pili. Dawa ya kufufua ni ya daraja la tatu, na tabibu haipati mpaka afike ngazi ya tano. Sasa Mumo alibeba chupa kubwa, na dawa ya kufufua hana.

Hapo mezani alikuwepo Mutheu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mhusika wake alikuwa mkunga mzee anaitwa Kalekye, jina la susu yake, bibi aliyemlea, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka huo. Mutheu alimpa kile kikohozi chake, na ile tabia ya kukataa kuketi kabla wageni hawajala. Kila Jumapili baada ya ibada tulimsikia yule bibi tena, na Mutheu akirudi kwao amechangamka.

Kalekye alitangulia kuvuka mto kwa sababu ya maneno ya Mumo. Dadu zikamkataa, akafa. Mumo akashika karatasi yake iliyoandikwa uwezo wa mhusika wake, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akasema polepole, "Kumbe sina."

Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Akajitetea eti si chupa iko. Mjomba akamwambia, "Weka humo dawa yako ya vidonda, itaponya vidonda vikubwa zaidi. Huyu hana kidonda. Huyu amekufa. Ulitutangazia chupa kabla hujaangalia ndani kuna nini, na mwenzako akamweka susu yake hapo kwa kukuamini."

Nikamgeukia mjomba mwenyewe. Legeza kidogo, nikamwambia, ni mchezo tu. Hakulegeza. "Nikimwokoa leo kwa huruma yangu," akasema, "basi hata siku zote alizopona ilikuwa huruma yangu. Nimwambie Mutheu hivyo?"

Mutheu akakunja karatasi ya Kalekye. "Mwacheni apumzike," akasema, na akatoka. Tulimsikia akilia huko nyuma ya jikoni. Hajawahi kuketi tena kwenye meza ya mchezo. Mjomba nilimsamehe baadaye. Mumo nikikutana naye kwenye soko la mji wa Wote namsalimia tu kwa sababu ni damu yangu.

Sasa wewe. Karatasi yako uliiacha juu ya gunia, na nimeisoma. Tabibu ngazi ya nne, askari wa kiapo ngazi mbili. Ngazi za askari zinahesabiwa nusu, maana dawa anazijua kidogo tu, kwa hivyo jumla yako ni tano, na chupa kubwa unayo. Dawa ya kufufua huna. Hukuisoma, ukaanza kupiga domo, na aliyekusikiliza ni Mueni, binti ya Mutheu. Mama yake ndiye aliyemleta kwangu, akaniachia mlangoni, akakataa kuingia. Na unajua vizuri mhusika wa huyo msichana anaitwa nani. Anaitwa Kalekye.

Sikukatazi kuchanganya kazi. Changanya hata tatu. Lakini soma kila kazi peke yake mpaka mwisho wake, na ukitangaza ulicho nacho, tangaza na unachokosa, mapema, mtu akiwa bado ana nafasi ya kurudi nyuma. Hii si ya mezani tu. Jumamosi, kabla dadu haijaguswa, utamwangalia Mueni usoni na utamwambia, "Sina." Akiamua kuingia pangoni baada ya hapo, ni uamuzi wake. Msimulizi nitakuwa mimi, na sitalegeza.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe wenzako wa kukuamini, na akupe mdomo wa kuwaambia ukweli kabla hawajavuka. Nimekubariki hivyohivyo na hasira yangu. Chukua karatasi yako uende ukaisome.